Mbwa Mgeni Nyumbani: Namna ya Kuzielewa Tabia Zake za Ajabu na Kuzielekeza Kwingine

Siku ya nne tangu Bobi aingie katika parseli yetu (kiwanja cha nyumba) ya mtaa wa Himbi, hapa Goma, aliinuka jioni kutoka kivulini alipokuwa amelala, akaenda hadi kwenye tangi la maji, akalizunguka kwa haraka mara tano au sita, kisha akakimbilia langoni na kuanza kukwaruza bati kwa kucha. Kesho yake alifanya vivyo hivyo, na kesho kutwa pia, kila mara karibu na saa 11 na nusu. Jirani aliyekuja kuchota maji alisimama na bidoni yake mkononi, akaniambia kwa sauti ya chini: "Mama, hii imbwa mulitosha wapi? Iko na mambo."

Hapakuwa na jambo lolote la gizani. Wiki mbili baadaye nilikuja kufahamu kwamba mtu aliyemlea kabla yetu alikuwa motari, yaani dereva wa pikipiki, na kwamba saa ile ndiyo aliyokuwa akirudi nyumbani, akazima pikipiki na kumtilia mbwa wake chakula. Bobi alikuwa akimngoja mtu ambaye hatarudi tena, na mizunguko ile ilikuwa njia yake ya kuubeba wasiwasi wa kungoja.

Mji wetu una mbwa wengi wenye maisha mawili. Volkano yetu ya Nyiragongo ilipolipuka tarehe 17 Januari 2002, lava ikapita katikati ya mji hadi ziwani, na ilipolipuka tena tarehe 22 Mei 2021, wakaaji wa mitaa mingi wakaamriwa kuhama siku chache baadaye, familia nyingi ziliondoka na watoto, magodoro na masufuria, mbwa akabaki langoni. Vita navyo vimeleta hali hiyo mara kwa mara, na hata pasipo vita, mtu hupata kazi Bukavu, Kinshasa au Kampala, akaondoka na kumwachia sentineli (mlinzi wa nyumba) mbwa. Kwa hiyo anayepokea mbwa mkubwa mjini Goma hupokea pia historia ambayo mara nyingi hakuna wa kumsimulia, na historia hiyo hujitokeza kwa vitendo ambavyo wenyeji wa nyumba huviona kuwa vya ajabu.

Hatua zinazofuata zimejengwa juu ya jambo moja ambalo Bobi alinifundisha kwa taabu: kila tabia ya mbwa, hata ile inayoonekana ya kichaa, inamfanyia kazi fulani. Inampatia chakula, au inamwita mtu, au inakiweka mbali kitu anachokiogopa, au inampunguzia uchovu wa siku nzima isiyo na shughuli. Ukimkataza tu, bila kumpa njia nyingine ya kupata kile anachokitafuta, atakitafuta kwa njia nyingine, na mara nyingi itakuwa mbaya kuliko ile uliyoizuia.

Hatua ya 1: Chunguza mwili kabla ya tabia

Usianze mafunzo yoyote kabla mbwa hajaonwa na veterineri, yaani daktari wa mifugo. Nasema hivi kwa mkazo kwa sababu mambo mengi tunayoyaita tabia ni maradhi yanayojieleza. Mbwa anayeburuta makalio chini hachezi. Ama tezi zilizo kando ya tundu la haja kubwa zimejaa, ama ana tegu wanaomwasha. Anayelamba miguu kutwa nzima huenda amechanwa nyayo na mawe ya volkano, ambayo yana makali hata baada ya miaka mingi ya kukanyagwa, au ameingiwa na funza kati ya vidole. Anayetikisa kichwa na kukiinamisha upande mmoja ana sikio linalouma. Anayekula udongo au makaa anaweza kuwa na minyoo, upungufu wa damu, au njaa ya kawaida tu. Hata anayemng'akia mtoto kila anapoguswa mgongoni huenda ana kidonda chini ya manyoya ambacho hakuna aliyekiona.

Mwombe veterineri ampe dawa ya minyoo na chanjo ya kichaa cha mbwa, ambayo hutolewa kuanzia umri wa miezi 3 hivi na kurudiwa kila mwaka, kisha uitunze karatasi ya chanjo mahali pasipofika mvua. Ikiwa aliyekupa mbwa anasema kwamba alikwisha kuchanjwa lakini hana karatasi, mchukulie kuwa hajachanjwa.

Hapa kuna tahadhari moja isiyo na mjadala. Mbwa aliyekuwa mpole akageuka ghafla kuwa mkali, au aliyekuwa mkali akawa mpole kupita kiasi, anayetokwa na mate mengi, ambaye sauti yake imebadilika, anayeshindwa kumeza, anayeuma vijiti na mawe, au ambaye taya na miguu yake inalegea, hana tabia ya ajabu: anaweza kuwa na kichaa cha mbwa. Usimguse, watoe watoto hapo, na umwite mtaalamu. Mtu yeyote aliyeumwa au kukwaruzwa na aoshe jeraha papo hapo kwa maji mengi na sabuni kwa muda wa dakika 15, kisha aende kituo cha afya siku ile ile kuomba chanjo, bila kungoja kuona kama mbwa atakufa. Mbwa aliyemuuma mtu huku yeye mwenyewe akionekana mzima huwekwa chini ya uangalizi kwa siku 10, lakini uangalizi huo haumzuii mtu kuanza matibabu. Maradhi haya yanapoanza kuonyesha dalili kwa binadamu karibu hakuna anayepona, wakati chanjo ya mapema huokoa.

Hatua ya 2: Mpe muda na mahali pake

Walezi wengi wa mbwa hutumia kipimo cha tatu: siku 3 za mshtuko, wiki 3 za kujifunza desturi za nyumba, miezi 3 ya kuanza kujiona mwenyeji. Kipimo hiki ni cha kukadiria tu, na mbwa aliyepigwa sana au kuhamishwa mara nyingi huhitaji zaidi. Faida yake kubwa ni kumtuliza mwenye nyumba, asije akahukumu katika wiki ya kwanza.

Siku hizo za mwanzo usialike wageni kuja kumwona, usimwogeshe ikiwa si lazima, wala usimpitishe mikononi mwa watoto wote wa avenyi (mtaa). Mchagulie pembe moja yenye kivuli mchana na isiyovuja usiku. Goma iko kwenye mwinuko wa karibu mita 1,500 na usiku wake una baridi, nayo sakafu ya mawe huinyonya baridi hiyo, kwa hiyo inua malazi yake juu ya mbao mbili na utandike gunia au kitenge kikuukuu. Chakula kiletwe saa zile zile, na mtu yule yule ikiwezekana. Maji yasikose.

Nina neno juu ya mnyororo. Wengi wetu tumelelewa tukiamini kwamba mbwa anayefungwa mchana kutwa atakuwa mlinzi mkali usiku. Ninachokiona katika parseli za namna hiyo ni mbwa anayezunguka mti mpaka ardhi inachimbika, anayebweka bila kuchagua mwizi wala mgeni, na anayemuuma mtoto wa nyumbani siku mnyororo unapokatika. Kama ukuta wako wa mawe una mapengo, yazibe. Kama ni lazima umfunge kwa saa chache, tumia kamba ndefu inayoteleza juu ya waya ulionyoshwa kati ya nguzo mbili, ili aweze kutembea. Tabia nyingi nilizoombwa ushauri juu yake zilipungua nusu baada ya mnyororo kuondolewa, kabla ya somo lolote.

Hatua ya 3: Fungua daftari

Hii ndiyo hatua ambayo watu huiruka, na ndiyo inayobeba nyingine zote. Chukua daftari la shule, upige mistari ugawe ukurasa katika safu nne: saa, kilichotangulia, alichofanya mbwa, alichopata mara baada ya hapo. Andika kwa siku 7 bila kujaribu kurekebisha chochote, isipokuwa jambo la hatari.

Andika ulichokiona, na si ulichokihisi. "Alikuwa na hasira" haikusaidii kitu, ilhali "Alisimama, mkia juu, akabweka mara nne akimwangalia kijana mwenye kaske (kofia ya pikipiki)" inakusaidia sana. Safu ya nne ndiyo ngumu kuliko zote kwa sababu inatudai tujiangalie wenyewe. Katika daftari langu, mbele ya tabia moja ya Bobi, neno lililojirudia mara sita kwa wiki moja lilikuwa "tulimkimbiza".

Tabia yenyewe ilikuwa hii. Kila mgeni aliyevua viatu mlangoni alipotezewa kimoja. Bobi hakukitafuna, alikibeba kwa upole kama mama mbwa abebavyo mtoto, akakilaza nyuma ya bidoni za maji, kisha akasimama kando akitutazama. Watoto walimkimbiza wakipiga kelele, mgeni alicheka au kukasirika, nami nilifoka. Kwa macho yetu hiyo ilikuwa adhabu. Kwa macho ya mbwa aliyekaa peke yake tangu asubuhi, ilikuwa saa pekee ambayo nyumba nzima ilimjali.

Daftari ndilo lililonionyesha pia saa ya motari. Niliona kwamba mizunguko ya tangi ilitanguliwa kila siku na sauti ya pikipiki za jioni zinazopanda kutoka barabara kuu, na kwamba siku ya Jumapili, pikipiki zilipokuwa chache, Bobi alizunguka mara mbili tu. Nilimpigia simu aliyetupa mbwa, nikamwuliza habari za mwenye mbwa wa kwanza, ndipo nikapata jibu.

Hatua ya 4: Soma mwili wake mzima

Mkia unaotikiswa haumaanishi furaha kila mara. Mkia uliosimama kama mwiko, ukitikisika kwa kasi fupi fupi huku mwili umekauka, ni onyo. Mkia unaopepea kwa upana mpaka kiuno kinacheza ni ukaribisho. Mkia uliofungwa kati ya miguu unajulikana na kila mtu, lakini alama ndogo zinazoutangulia hazijulikani sana: mbwa anayepiga miayo ilhali hana usingizi, anayeramba pua yake haraka haraka, anayegeuza kichwa pembeni huku weupe wa jicho ukionekana, anayeinua mguu mmoja wa mbele na kuuacha hewani. Huyo anasema kwamba hali inamlemea, na anaomba nafasi. Wafundishe watoto alama hizi nne kabla ya kuwafundisha kumpa mbwa amri yoyote.

Mngurumo usiuadhibu kamwe. Mbwa anayenguruma bado anazungumza nawe. Ukimpiga kwa sababu hiyo atajifunza kunyamaza, na siku nyingine atauma bila kutangaza. Mwondoe yule au kile kinachomsumbua, kisha uandike kwenye daftari.

Hatua ya 5: Tenga yasiyohitaji tiba

Si kila la ajabu linahitaji kuelekezwa. Kuzunguka mara mbili tatu kabla ya kulala, kukimbiza miguu usingizini, kufukia mfupa, kurusha udongo kwa miguu ya nyuma baada ya haja, kugaagaa juu ya kitu kinachonuka, kukimbia parseli nzima kama aliyechomwa kisha kutulia: hayo yote ni ya mbwa wazima duniani kote, nami ningekuomba uyaache.

Kulia kwa sauti ndefu usiku kunastahili maneno zaidi, kwa kuwa wazee wetu wengi hukusikia kama tangazo la kifo, na nimeona mbwa mzuri akifukuzwa kwa sababu hiyo peke yake. Mbwa hulia hivyo kuwaita wenziwe, kujibu sauti nyingine ndefu, au kwa upweke, na mbwa aliyehamishwa karibuni ana sababu zote tatu. Isitoshe, Kongo ndiyo nyumbani kwa basenji, mbwa wa msituni mwenye masikio yaliyosimama na mkia uliojikunja, ambaye kwa umbo la koo lake habweki kama wengine na badala yake hutoa sauti inayofanana na wimbo. Mbwa wako asipobweka bali akaimba, usimwone ana kasoro. Ukitaka kupunguza kilio cha usiku, sogeza malazi yake karibu na dirisha la chumba wanamolala watu, ili asikie pumzi zao.

Hatua ya 6: Badilisha, usifute

Sasa rudi kwenye daftari na uchague tabia moja tu. Nitaeleza njia kwa kutumia viatu, kwa sababu utaratibu wake unafaa kwa mambo mengi.

Kwanza, ondoa nafasi. Tuliweka sanduku lenye kifuniko kando ya mlango, na kila anayeingia, mgeni au mwenyeji, alitakiwa kuweka viatu humo. Tabia inayoendelea kulipwa haifi, hata ikilipwa mara moja kwa wiki. Malipo ya bahati nasibu ndiyo yanayoishikiza zaidi.

Pili, fundisha mabadilishano wakati ambapo hakuna mgeni na hakuna ghasia. Mpe kitu kisicho na thamani, kwa mfano kipande cha kitambaa kilichofungwa fundo, akikishika mwonyeshe sambaza (samaki mdogo wa ziwani) moja iliyokaushwa bila chumvi, sema "Leta" mara moja, na anapofungua mdomo mpe sambaza papo hapo, kisha mrudishie kitambaa chake. Kumrudishia ni muhimu: mbwa anayejua kwamba kutoa si kupoteza hatakimbia nacho. Malipo yawe madogo kama punje ya harage, na yafike ndani ya sekunde moja au mbili; yakichelewa, mbwa atayaunganisha na kitu kingine alichokifanya katikati. Mapafu ya ng'ombe yaliyochemshwa na kukatwa vipande vidogo yanafaa pia. Usitumie vitunguu, chokoleti wala zabibu, ambavyo ni sumu kwake, wala mifupa ya kuku iliyopikwa, kwa kuwa hupasuka na kuwa miiba. Dakika 5 mara tatu kwa siku zinatosha.

Tatu, mpe kazi mpya mahali pa ile ya zamani. Bobi alitaka kubeba kitu mgeni anapofika, na alitaka kutazamwa. Basi kitambaa chenye fundo kikawa chake, kikatundikwa karibu na mlango, na kila lango lilipogongwa tulimpa akibebe. Akija nacho, mgeni aliambiwa amsemeshe. Akija na kitu kingine, hakuna aliyekimbia, hakuna aliyefoka. Tuligeuka na kumwacha.

Nne, jiandae kwa siku mbaya. Unapoacha kuilipa tabia ya zamani, mbwa huiongeza kabla ya kuiacha, kama mtu anayebonyeza kwa nguvu zaidi swichi ya taa isiyowaka. Siku ya tano Bobi alifungua sanduku kwa pua, akachukua viatu viwili na begi la shule la mwanangu. Hapo ndipo watu wengi hukata tamaa, wakamkimbiza, na kwa kufanya hivyo humfundisha kwamba bidii hulipa. Tuliweka jiwe juu ya kifuniko na kuendelea. Katika wiki ya tatu alikuwa anakwenda mwenyewe kwenye kitambaa akisikia lango.

Tano, nyumba nzima itumie neno moja. Kwetu mmoja alisema "Leta", mwingine "Acha", mwingine akataja jina lake kwa ukali, na sentineli alirusha kokoto. Mazungumzo na sentineli yanahitaji heshima, kwa sababu yeye ndiye anayekaa na mbwa saa nyingi kuliko yeyote, na mara nyingi amefundishwa kuwa fimbo ndiyo lugha ya mbwa. Nilikaa naye chini, nikamwambia: "Papa, wewe ndiwe unayemjua kuliko sisi. Nisaidie kwa juma moja, tumpe sambaza badala ya jiwe, halafu utaniambia umeona nini." Nilimwachia yeye kopo la sambaza. Tangu siku hiyo Bobi alimfuata kila alikokwenda, naye akawa mwalimu bora kuliko mimi.

Kwa mbwa anayebwekea watu wa aina moja, kama vile wenye kaske, waliovaa koti refu la mvua, au vijana wanaosukuma chukudu (baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo), njia ni umbali. Usimburute hadi kwa anachokiogopa ili "azoee". Tafuta umbali ambao anakiona lakini bado anaweza kula, hata kama ni mita 30, na kila kinapoonekana mpe kipande cha chakula. Kikitoweka, chakula nacho kinakoma. Ivan Pavlov, mwanasayansi wa Urusi aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1904, alionyesha kwamba ishara inayotangulia chakula mara kwa mara huamsha mate kana kwamba ni chakula chenyewe. Hapa unaifanya kaske iwe ishara ya jambo jema. Sogea mita moja au mbili kila baada ya siku kadhaa, na akiacha kula, rudi nyuma. Tulimwomba kijana wa jirani aiweke kaske chini, juu ya jiwe, kisha aishike mkononi, kisha aivae kichwani akiwa amekaa, na mwisho akiwa amesimama. Ilituchukua karibu mwezi mzima, nami sijutii hata siku moja ya mwezi huo.

Kwa anayechimba, usimkataze kuchimba, bali mpe mahali. Ardhi yetu ya volkano ni ngumu, hivyo mbwa huchimba pale palipo laini, yaani kwenye bustani ya mboga. Jaza mchanga katika tairi kuukuu la gari, fukia humo vipande vya chakula mbele yake, na uzungushie mboga kwa mawe. Anayekula kinyesi anahitaji kwanza dawa ya minyoo na chakula cha kutosha, kisha usafi wa haraka wa parseli. Kumsugua pua humo, kama wengine wafanyavyo, humfundisha tu kukuogopa.

Hatua ya 7: Hofu ina kanuni nyingine

Ngurumo za mvua, mitetemeko ya ardhi na milio ya risasi, mambo ambayo mji huu umeyajua yote matatu, huleta vitendo ambavyo haviwezi kuelekezwa kwa sambaza: mbwa hutetemeka, huingia chini ya kitanda, hujikojolea, huparua mlango, au huruka ukuta na kupotea. Wakati huo hakuna somo. Mfungulie mahali pa kujificha ambapo amejichagulia mwenyewe, funga dirisha, washa redio kwa sauti ya wastani, na kaa karibu naye. Kumshika na kumsemesha taratibu hakumzidishii hofu, ingawa wengi husema hivyo. Hofu si ujanja wa kuomba kubembelezwa.

Usimwache amefungwa kwa kamba wakati wa ngurumo, kwa kuwa anaweza kujinyonga akijaribu kuruka ukuta. Mvalishe ukanda wa shingo wenye namba yako ya simu iliyoandikwa kwa wino usiofutika. Na mkiwa katika nyumba ya kupanga au mtaa ambao huhamishwa, mzoeshe mapema kuingia katika kikapu kikubwa au kupanda gari, ili siku ya kuondoka asiwe yeye atakayebaki langoni.

Hatua ya 8: Matembezi na mazuku

Mbwa anayetembezwa nusu saa asubuhi, akaachwa anuse anavyotaka, hupunguza mambo mengi ya ajabu jioni. Nenda mapema kabla mawe meusi hayajapata joto la jua. Ila upande wa magharibi wa mji, kuelekea Lac Vert na Bulengo, jihadhari na mazuku, yale mabonde madogo ambamo hewa ya kabonidioksidi hutoka ardhini na kutuama kwa kuwa ni nzito kuliko hewa ya kawaida. Haina rangi wala harufu, huwa nyingi zaidi alfajiri na usiku pasipo na upepo, na imekwisha kuua watu na wanyama. Pua ya mbwa iko karibu na ardhi, hivyo yeye huathirika kabla yako. Usimfungulie kamba mahali hapo, na akianguka ndani ya bonde la namna hiyo usiteremke kumfuata. Mvute kwa kamba ukiwa juu.

Hatua ya 9: Punguza malipo polepole

Tabia mpya ikishika kwa wiki mbili mfululizo, anza kulipa mara moja kwa kila mara mbili, kisha mara moja kwa kila mara nne bila mpangilio, lakini sifa ya mdomo isikome. Tabia ya zamani ikirudi, kama inavyoweza kutokea baada ya ugonjwa, safari au mgeni wa muda mrefu, rudi hatua moja nyuma kwa siku chache, usianze upya.

Mizunguko ya tangi niliiacha mwisho kwa sababu ilinigusa zaidi. Sikutaka kumnyang'anya Bobi saa yake ya kungoja, kwa hiyo nilimpa mtu wa kumngoja. Kila siku saa 11 na robo, kabla ya pikipiki za jioni, nilitandika mkeka kando ya lango, nikamfundisha kulala juu yake kwa neno "Mkeka", na saa 11 na nusu kamili mwanangu aliingia kutoka nje na sahani ya fufu na sambaza. Mwezi wa kwanza bado aliinuka pikipiki ilipopita. Ukurasa wa mwisho wa daftari hilo, ulioandikwa katika mwezi wa nne, unasema hivi: "Saa 11:25. Pikipiki tatu zimepita. Yuko kwenye mkeka. Aliinua sikio moja."